Minara miwili, masafa yale yale: tuyajue haya kabla ya kuchangia mtambo wa pili wa redio

Hoja hii imezoeleka katika vikao vya wale wanaosimamia redio za Kiislamu, kubwa na ndogo. Mjini redio inasikika vizuri. Ng'ambo ya mlima haisikiki, au inasikika kwa mikwaruzo. Akina mama wa huko wanalalamika kuwa darsa la asubuhi linawapita. Wazee wanalalamika kuwa tafsiri ya Qur'ani ya mwezi wa Ramadhani wanahadithiwa tu na wajukuu waliotoka mjini. Ndipo husimama mjumbe mmoja akasema: tuchangishane, tununue mtambo wa pili wa kurushia matangazo, tuusimike si mbali na ule wa kwanza, urushe kwa masafa yetu yale yale, na nguvu za mitambo hiyo miwili zijumlishwe. Jambo huonekana jepesi mithili ya kuongeza kuni jikoni. Wajumbe huitikia takbira, na bahasha huanza kuzunguka.

Fedha hiyo ni ya mama muuza maandazi, ni ya kijana wa bodaboda, na aghalabu imetolewa kwa nia ya sadaka yenye kuendelea. Ni amana. Kwa hiyo inafaa familia zinazochangia, na si mafundi peke yao, zifahamu nini hasa hutokea mitambo miwili jirani inaporusha matangazo mamoja kwa masafa mamoja. Jambo lenyewe linawezekana. Limefanyika duniani kwa karibu miaka mia moja. Lakini lina masharti, na asiyeyajua masharti hayo anaweza kununua mtambo wa pili akaishia kuuharibu hata usikivu aliokuwa nao.

Kibaba cha mchele na wimbi

Ukikitia kibaba kimoja cha mchele juu ya kingine, unapata vibaba viwili, daima. Mawimbi hayako hivyo. Wimbi hupanda na kushuka, na wimbi la redio la FM lenye masafa ya megahezi 100 hupanda na kushuka mara milioni mia moja kwa sekunde. Mawimbi mawili yenye nguvu sawa yakifika kwenye antena ya redio yako yote yakiwa yanapanda, hutiana nguvu, na redio hupokea nguvu mara nne ya ile ya wimbi moja. Hapa mjumbe wetu ana haki, tena zaidi ya alivyodhani. Lakini moja likifika linapanda na jingine linashuka, hufutana. Redio hubaki na kimya, ilhali minara yote miwili inaunguruma na kula umeme.

Umbali baina ya mahali penye nguvu na mahali penye kimya si mkubwa. Kwa masafa hayo ya megahezi 100, urefu wa wimbi ni mita 3. Katika njia inayounganisha minara miwili, mahali pa kimya hujirudia kila baada ya mita 1.5. Mwenye redio mezani anaweza kuisogeza kidogo upande wa dirishani ikapona. Abiria wa daladala inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita mahali pa kimya mara kumi na moja kwa kila sekunde, na asikiacho ni mtikisiko usiovumilika.

Hayo ni iwapo mitambo yote miwili ina masafa sawasawa kabisa, na mitambo iliyoachwa kila mmoja peke yake haiwi sawasawa. Kila mtambo hupata mapigo yake kutokana na kijiwe kidogo cha fuwele ya kwatzi, na fuwele hubadilika kidogo kwa joto na kwa uzee. Kosa la sehemu moja katika milioni ni dogo mno kwa saa ya ukutani. Kwa megahezi 100 ni tofauti ya mapigo 100 kwa sekunde. Sehemu za kimya hapo hazitulii mahali pamoja, bali huhama bila kukoma, na msikilizaji asiyesogea hata hatua moja hupitiwa nazo mara mia kwa sekunde. Katika redio za zamani za mawimbi ya kati, tofauti ndogo huifanya sauti ivimbe na kunywea, na tofauti kubwa huzaa mbinja. Wazee waliokesha na redio za mkulima wanaijua mbinja hiyo.

Waingereza na ndege za adui

Mfano mkubwa wa kale wa kuoanisha mitambo ulitokana na vita, wala haukulenga kuongeza usikivu. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 lilikuwa limekwisha kujaribu kuirusha mitambo kadhaa midogo kwa wimbi moja, kwa sababu nafasi za masafa barani Ulaya zilikuwa chache na kila taifa lilizitaka. Kisha ikaja hofu ya ndege. Rubani mwenye antena ya duara angeweza kuigeuza mpaka akajua mtambo fulani wa redio uko upande gani, na akiujua mji ulipo mtambo huo, redio humwongoza mithili ya mnara wa taa unavyoiongoza jahazi.

Tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, BBC ilizifunga idhaa zake za kawaida na kubaki na idhaa moja ya nyumbani, iliyorushwa na makundi mawili ya mitambo: kundi moja kwa kilohezi 668, jingine kwa kilohezi 767. Mitambo ya kila kundi ilirusha sauti ile ile kwa masafa yale yale. Rubani aliyeitega antena yake alisikia mchanganyiko wa mitambo iliyo mbalimbali, na upande wa kuelekea haukujulikana. Adui akikaribia mji, mtambo wa hapo uliamriwa kuzimwa. Wasikilizaji wa mji huo waliendelea kusikia, kwa sauti hafifu, kutoka kwa wenzake wa mbali. Mwishoni mwa mwaka 1940 ikaongezwa mitambo midogo ya mijini, yote ikiwa kwa kilohezi 1474, ambayo iliweza kubaki hewani mpaka ndege ziwe karibu mno.

Wahandisi wale walilipa gharama ya mpango huo, na gharama hiyo ndiyo inayotuhusu. Katika maeneo ambako mtambo mmoja ulisikika sawa na mwingine, sauti iliharibika, hususan usiku, kwa kuwa mawimbi ya kati usiku huakisiwa na tabaka za juu za anga na kurudi chini mamia ya kilomita kutoka yalipotoka. Waingereza waliukubali uharibifu huo kwa ajili ya usalama. Sisi hatuna vita, basi tuna haki ya kuuliza uharibifu wetu tutaupeleka wapi na utamwangukia nani.

Mubaligh na imamu

Kabla ya umeme, misikiti mikubwa ililitatua tatizo hili kwa njia yake. Imamu sauti yake haifiki safu za nyuma. Basi huwekwa mubaligh, anayeinua sauti na kuzifikisha takbira. Wanazuoni wanaielekeza asili yake katika tukio lililopokewa na Bukhari na Muslim, la Mtume (s.a.w.) alipokuwa mgonjwa akawaswalisha watu, na Sayyidna Abubakar (r.a.) akawasikilizisha takbira zake. Mubaligh mwema hasemi lake. Hutamka neno lile lile, kwa wakati wake, asimtangulie imamu wala asichelewe mpaka watu wa nyuma wakawa katika rukuu ilhali wa mbele wamekwisha kuinuka.

Mtambo wa pili wa redio ni mubaligh. Sharti la kwanza ni kuwa na mapigo ya masafa yaliyo sawa, jambo ambalo siku hizi hupatikana kwa kuifungia mitambo yote vipokezi vya GPS. Satelaiti za GPS zina saa za atomiki, na kipokezi cha mnarani hulirekebisha pigo la mtambo kulingana na saa hizo. Sharti la pili ni maneno kuwa yale yale hasa. Sharti la tatu, nalo ndilo linalowashinda wengi, ni wakati.

Aliyewahi kusikiliza khutba akiwa uani kwa msikiti mkubwa anajua maana yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Spika iliyo mita 34 mbele yako hukufikishia neno sehemu ya kumi ya sekunde baada ya spika iliyo juu ya kichwa chako, na khatibu huonekana kama anajirudia. Fundi hodari huichelewesha kwa makusudi spika ya nyuma, ili sauti zote mbili zimfikie msikilizaji kwa pamoja. Wimbi la redio ni jepesi kupita kiasi, lakini si la papo hapo: kwa kila mikrosekunde moja, yaani sehemu ya milioni ya sekunde, huenda mita 300. Katika FM, mahali ambapo mitambo miwili inasikika sawa, tofauti inayovumilika ni mikrosekunde chache tu.

Sasa tazama hali zetu. Studio iko mjini. Mtambo wa kwanza uko kilomita 5 na unapata sauti kwa kiungo cha redio. Mtambo wa pili uko ng'ambo na unapata sauti kwa satelaiti ya mawasiliano, iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka tu ni kama robo ya sekunde, yaani mikrosekunde 250,000. Ukipelekewa kwa intaneti, ucheleweshaji wenyewe hubadilika saa kwa saa. Mitambo hiyo miwili haiwezi kuwa imamu na mubaligh. Itakuwa jamaa mbili zinazoswali katika msikiti mmoja kwa wakati mmoja, kila moja ikiivuruga nyingine. Dawa ipo: sauti hutiwa alama ya wakati studioni, kila mtambo huihifadhi kidogo, kisha mitambo yote huiachia kwa pamoja kwa saa moja. Vifaa vya kufanya hivyo vinauzwa. Ila mara nyingi havimo katika ile bei ya mtambo inayosomwa kikaoni.

Mlima tunaoulalamikia

FM ina tabia moja njema. Redio ikipokea sauti mbili, moja ikiwa imeizidi nyingine kwa kiasi cha kutosha, huishika yenye nguvu na kuipuuza dhaifu. Kwa hiyo aliye karibu na mnara wowote kati ya hiyo miwili hana tatizo. Tatizo ni ukanda wa katikati, ambako hakuna mshindi, na kazi ya mhandisi ni kuchagua ukanda huo upite wapi. Hodari huupitisha juu ya bahari, msituni, au kwenye mgongo wa mlima.

Hapo ndipo mlima unapokuwa neema. Ukuta wa Uluguru au wa Usambara unaoizuia sauti ya mjini isifike bonde la pili ndio ukuta utakaoitenga mitambo miwili isigombane. Mtambo wa pili ukikaa ndani ya bonde lenyewe, ukihudumia vijiji visivyoona mnara wa kwanza kabisa, hata uoanishaji wa wastani huweza kutosha. Ukikaa katika tambarare, kilomita 15 kutoka wa kwanza, pasipo kilima wala kizuizi, hapo panatakiwa ustadi wa hali ya juu na vifaa vya gharama. Pendekezo la “tuusimike karibu ili nguvu zijumlishwe” ndilo pendekezo gumu kuliko yote, ingawa kikaoni huonekana rahisi kuliko yote.

Waliofanikiwa katika FM wapo. Nchini Italia, idhaa ya Isoradio ya shirika la RAI imejengwa kwa megahezi 103.3 kando ya barabara kuu, na Ufaransa imezitengea redio za barabara kuu megahezi 107.7, ili dereva asiguse kitufe kutoka mji hadi mji. Barabara kuu ni umbo jepesi: ni mstari mmoja, na mitambo midogo hufuatana kama taa za barabarani. Kijiji chetu hakiko kwenye mstari.

Familia nyingi, bila ya kujua, zina kifaa sebuleni kilichobuniwa kuyavumilia haya. Tanzania ilipoanza kuizima mitambo ya televisheni ya analojia, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza tarehe 31 Desemba 2012, tulinung'unikia gharama ya ving'amuzi. Ndani ya mifumo hiyo ya dijitali mna hekima. Kila kipande cha habari hutanguliwa na muda wa subira, ambamo king'amuzi hakiamui chochote, kinangoja mawimbi yote yaliyochelewa yafike. Katika mpangilio mmoja unaojulikana sana wa televisheni ya dijitali, subira hiyo ni mikrosekunde 224, sawa na tofauti ya mwendo wa kilomita 67. Wimbi la mnara wa mbali likifika ndani ya muda huo haliharibu; linasaidia. Ni imamu mstahamilivu, asiyeingia katika nguzo nyingine mpaka takbira ya mubaligh imefika safu ya mwisho. FM haina subira hiyo.

Adhana ya nani?

Mitambo iliyooanishwa kwa masafa yale yale ni lazima irushe kitu kimoja wakati wote. Mtambo wa ng'ambo hauwezi kujitenga hata dakika mbili kutoa tangazo la msiba wa kijijini, wala kuadhini kwa wakati wake; ukifanya hivyo, ukanda wa kati husikia maneno mawili yakipambana. Sharti hili la kihandisi linatugusa sisi Waislamu kuliko watu wengine, na sijalisikia likijadiliwa.

Jua huchukua dakika 4 kuvuka nyuzi moja ya longitudo. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, hiyo ni takriban dakika moja kwa kila kilomita 28 za kuelekea magharibi. Jua la Morogoro huzama kiasi cha dakika 6 baada ya kuzama Dar es Salaam. La Kigoma huzama zaidi ya nusu saa baadaye. Mtu wa Kigoma akifuturu kwa adhana iliyotoka Dar es Salaam atakuwa amekula mchana wa Ramadhani. Redio zilizo na masafa tofauti katika kila mji zinaweza, zikitaka, kuweka adhana ya kila mji. Mtandao uliooanishwa hauwezi. Basi ukiwa mtandao huo umeenea kilomita 20, tofauti ni chini ya dakika moja, na kalenda iliyopangwa kwa tahadhari hulimaliza. Ukitanuka mpaka mkoa wa pili, adhana ya moja kwa moja inapaswa kuondolewa hewani, au itolewe na onyo kuwa ni ya mji fulani.

Kairo ni mfano mzuri wa kuliweka jambo hili katika mipaka yake. Mwanzoni mwa Ramadhani ya mwaka 2010, mwezi wa Agosti, Wizara ya Wakfu ya Misri chini ya Waziri Mahmoud Hamdi Zaqzouq iliuzindua mpango wa adhana moja: muadhini mmoja, sauti yake ikirushwa kwa redio na kupokelewa na vipokezi katika maelfu ya misikiti ya mji huo. Wizara ilichoshwa na sauti zinazopishana na spika zinazoshindana. Waliopinga waliwahurumia waadhini, na mimi ningekuwa upande wao, kwani sauti ya muadhini wa mtaani, hata ikiwa na kasoro, watoto huijua kwa jina. Hata hivyo mpango ulikuwa sahihi katika jambo moja: uliishia katika mji mmoja, ambamo jua ni moja.

Yaliyo nafuu zaidi

Kabla ya mtambo wa pili, mnara wa kwanza uangaliwe. Upeo wa mawimbi ya FM hutegemea sana urefu wa antena: ikiwa mita 25 juu ya nchi tambarare, upeo wake ni kama kilomita 20, ikipandishwa mita 100, ni kama kilomita 41. Kuongeza nguvu ya mtambo maradufu bila ya kuinua antena ni faida ndogo ambayo msikilizaji huenda asiigundue, ila mlipa umeme ataigundua. Na palipo mlima, mtambo mdogo wa bondeni wenye masafa yake tofauti ni njia nyepesi na ya uhakika. Gharama yake ni kuwafundisha watu namba ya pili, nayo hufundishika kwa Ijumaa mbili tatu.

Lolote litakalochaguliwa, kila mtambo na kila masafa huhitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Mtambo mbovu usio na leseni si dhambi ndogo: mara tu bendi ya FM inapokwisha, kwenye megahezi 108, huanza masafa ya kuongozea ndege.

Mhandisi akija kikaoni, basi, aletewe ramani na aombwe auchore ukanda wa kati kwa kalamu nyekundu, kisha zihesabiwe nyumba zilizo ndani yake. Aulizwe sauti itaufikiaje mnara wa pili na kwa ucheleweshaji gani; GPS ikikatika usiku, mtambo utajizima au utaendelea kuvuruga; na nani atalipa umeme wa huko baada ya mwaka wa kwanza. Vijana wawili wapewe redio ya mkononi na daftari, wapite vijijini asubuhi na usiku, waandike panaposikika na pasiposikika, ili iwepo kumbukumbu ya kulinganishia mtambo ukishasimikwa. Na wazee wa ng'ambo waulizwe wanataka adhana ya Magharibi watakayoisikia redioni iwe kwa jua la mjini au kwa jua la kwao.